Karatasi moja kwa mkono mmoja: hotuba kwa wauza vyakula na wakunja karatasi wa Kirumba

(Niliitoa Kirumba, Mwanza, mbele ya wakaanga samaki, mama lishe, wauza chipsi na vijana wa karakana za maboksi. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema, ila nimepunguza salamu.)

Mwangaluka! (Ukumbi: Mhola!)

Mheshimiwa diwani, mama zangu wa Mwaloni, baba lishe, vijana wa chapa na maboksi mliopanda daladala kutoka Nyakato, wa kupewa shikamoo nawapa, na wengine habari za asubuhi.

Nimeambiwa nizungumzie vifungashio. Neno hilo ukilitaja watu wanawaza viwanda, maabara na nembo za rangi. Mimi nitazungumzia safari ya nusu mita tu: karatasi ya kufungia samaki inavyotoka ilipolala mpaka kufika kwenye kiganja cha anayefunga. Nusu mita hiyo imenilaza macho miaka minne.

Juzi jioni nilisimama hapo nje kwa mama mmoja, sitamtaja, yumo humu ndani na anacheka tayari. (Kicheko.) Niliagiza kipande cha sangara, nikajifanya nasubiri kachumbari ikolee. Kumbe nahesabu. Mkono wa kulia umeshika koleo, wa kushoto umepokea jero ya mteja aliyenitangulia. Mteja anasema, "Mama nifungie, naondoka nayo." Koleo likawekwa pembeni ya karai. Mkono ukafutwa kwenye kanga. Jiwe lililokalia magazeti likainuliwa, maana upepo wa ziwa jioni mnaujua. Gazeti likachanwa, lakini likachanika mshazari, likachanwa tena. Jiwe likarudi. Upande wa kushoto wa rundo ukapeperuka, akaukamata kwa kiwiko. Ndipo koleo likashikwa upya, na samaki kwenye karai ameshaanza kuungua mkia.

Na alipomaliza kufunga, kichwa cha habari cha gazeti kilikuwa kimejichapa kinyumenyume kwenye ngozi ya samaki. Ungekuwa na kioo ungesoma habari za uchaguzi. (Kicheko.)

Tunacheka, lakini wino ule una mafuta ya madini na rangi ambazo aliyezichanganya hakuwaza kwamba zitaliwa. Samaki wa moto anayechuruzika mafuta ndiye anayeuyeyusha vizuri zaidi. Kila mtu humu analijua hilo, hata mama yangu yule analijua. Basi kwa nini gazeti bado lipo? Mimi zamani nilikuwa najibu haraka: bei. Wanapimiwa kwa kilo, ni rahisi. Siku hizi sijibu hivyo, maana nimeona watu wakinunua karatasi safi ya kaki, wakaitumia wiki moja, kisha wakarudi kwenye gazeti huku kaki imebaki chini ya meza. Waliishinda bei, wakashindwa na mikono.

Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 (wenzetu wa Kisumu, ng'ambo ya ziwa hilihili, walitangulia Agosti 2017) tuliambiwa tutafute mbadala. Tukatafuta malighafi: karatasi, vitambaa, ukindu. Hakuna aliyekumbuka kwamba zile malboro, mifuko ya plastiki ya kufungia, zilikuwa na siri yao. Zilining'inia kwenye msumari, zimetobolewa juu, unavuta moja kwa mkono mmoja, inachomoka. Aliyezitoboa tundu lile alikuwa mbunifu kuliko wengi wetu. Plastiki ikaondoka, na msumari ukaondoka nayo. Mimi nataka msumari urudi.

Nianze na nilivyokosea, maana nimekosea sana na gharama nimelipa.

Pakiti yangu ya kwanza ilikuwa boksi bapa, karatasi 500 zimelala moja juu ya nyingine, tundu katikati ya kifuniko. Niliona fahari, nikampelekea kijana mwenye kabati la chipsi. Siku ya pili akanirudishia boksi limelowa mafuta kama andazi. Karatasi laini zikilala pamoja hazina pa kushikia. Kidole kinasugua, zinakuja tatu, mbili zinarudishwa, na zile mbili zimeshaguswa na mkono uliotoka kwenye karai. Kufika mchana, robo ya boksi ilikuwa ya kutupwa. Aliniambia, "Bro, gazeti langu halinisumbui hivi."

Nikaja na roli. Roli inapendeza, inakaa kwenye kijiti, unavuta na kukata kwa meno ya bati. Lakini kuvuta ni mkono mmoja, na kushikilia roli isizunguke ni mkono wa pili. Na mwisho wa karatasi ukimezwa na roli, mtu anasimama kuutafuta kwa kucha, foleni inanuna. Kuna Mmarekani, Seth Wheeler, aliyepewa hataza, yaani hati ya mvumbuzi, Julai 1871 kwa karatasi ya kufungia iliyotobolewa vitundu vya kuchania, ili kila kipande kitoke kwa kipimo. Wiki mbili kabla yake, mwezi huohuo, Margaret Knight alikuwa amepewa yake kwa mashine ya kutengeneza mifuko ya karatasi yenye kitako bapa. Ndiyo mifuko ya kaki mnayoiona Makoroboi leo. Watu wa maana wote wawili. Lakini vitundu vya Wheeler bado vinataka mikono miwili, na mfuko wa Knight lazima uufumbue kabla hujautia kitu. Hawakuwa wakikaanga samaki.

Waliotatua jambo hili la mkono ni watu wa tishu, Marekani hukohuko, miaka ya 1920. Tishu kwenye boksi: ukivuta moja, nyingine inachungulia. Tumeiona wote, hatujawahi kuiuliza imefanywaje. Tuifanye sasa hivi. Kwenye viti vyenu kuna karatasi mbili za A4. Zichukueni.

Kunja ya kwanza katikati kama kitabu. Ya pili vilevile. Sasa una vitabu viwili vyenye kurasa mbilimbili. Kimoja mgongo uangalie kushoto, kingine mgongo uangalie kulia. Visukumie pamoja, ukurasa mmoja wa kitabu hiki uingie ndani ya kile, na ukurasa mmoja wa kile uingie ndani ya hiki. Mama, umeingiza zote mbili, toa moja. Ndiyo. Sasa mwambie jirani yako aweke kidole juu, asikandamize, aguse tu, na wewe uvute ukurasa wa juu.

(Ukumbi unavuta. Kelele.)

Umeona? Ya pili imefuata. Haikugundishwa wala kushonwa. Ni msuguano wa nusu karatasi juu ya nusu karatasi, na kidole cha jirani ndicho mdomo wa boksi. Ni kama watoto wanaocheza treni, kila mmoja ameshika shati la aliye mbele. Mbele akitoka mlangoni, wa nyuma anabaki amesimama mlangoni palepale, tayari kwa zamu yake. Sisi kwenye karakana tunaita kukunja kwa kushikana, na kijana akizoea anakunja pakiti kwa mkono bila mashine yoyote.

Sasa yule mzee nyuma ya vitambi... samahani, nyuma ya vitabu (kicheko) anauliza, kama ni rahisi hivyo, miaka minne ilikwenda wapi? Ilikwenda kwenye maji, mzee wangu.

Masika ya mwaka wa pili nilitengeneza mzigo mkubwa. Karatasi nilinunua duka moja la jumla, ilikuwa imeshakaa karibu na ukuta unaovuja, na mimi sikuipima. Pakiti zikatoka nzuri. Baada ya wiki moja hapa Mwaloni zikavimba kama mandazi ya hamira nyingi, na mdomo ukakaba. Ukivuta, karatasi inachanika mdomoni, kipande kinabaki ndani, na kinachofuata hakiji tena. Nilirudishiwa pakiti kwenye magunia.

Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho wapiga chapa wa zamani walikijua na mimi nilikidharau: karatasi ina mwelekeo. Nyuzi zake wakati wa kutengenezwa zililala zaidi upande mmoja, ule ambao mashine ilikuwa ikikimbilia. Ikinyonya unyevu, kila unyuzi unanenepa kuliko unavyorefuka, kwa hiyo karatasi inatanuka kukatiza nyuzi, si kufuata nyuzi. Na ukiikunja kwa kukatiza nyuzi, mkunjo unavunjika-vunjika na kutaka kufunguka wenyewe. Zidisha hiyo kwa mikunjo hamsini iliyobanana ndani ya boksi moja, kando ya ziwa, mwezi wa nne.

Kuutambua mwelekeo hakuhitaji kifaa. Chana karatasi pande zote mbili: inakochanika kwa mstari ulionyooka, huko ndiko nyuzi zinakoelekea, na inakochanika ovyo ni kinyume chake. Au kata kipande kidogo, kilowanishe upande mmoja, kitajikunja kama bomba. Bomba hilo limelala kufuata nyuzi. Tangu siku hiyo mkunjo wangu unafuata nyuzi, hata kama aliyeniletea karatasi ameapa kwa mama yake kwamba haina mwelekeo.

Vijana wa karakana, hapa kuna mtego. Mkunjo ukifuata nyuzi, mvutano wa mkono unakuwa umekatiza nyuzi, na huko karatasi ni dhaifu zaidi. Huwezi kupata vyote. Mimi nimechagua mkunjo uliotulia, halafu nikaihurumia karatasi kwa kuupanua mdomo. Karatasi yangu ni ya sentimita 30 kwa 30, ikikunjwa mgongo ni 30. Mdomo wa sentimita 12 uliifinya ikatoka na makunyanzi kama shati la mtu aliyelala kwenye meli ya Ukerewe. Mdomo wa 22 ukaiachia, inayofuata ikazama ndani. Nimetulia kwenye 18, ncha zote mbili nimezizungusha. Kona kali ya mdomo ndiyo inayoanzisha mpasuko. Tafadhali msibandike plastiki mdomoni kama boksi za tishu za dukani; kadi iliyokatwa vizuri inatosha, na tumeshatoka huko kwenye plastiki.

Na kwa nini 30 kwa 30? Shiti ya 60 kwa 90 inatoa karatasi sita kamili, hakuna makapi. Kuna mteja alitaka 32 kwa 32, eti samaki wake wakubwa. Shiti ileile inatoa mbili tu. Sentimita mbili zinakula karatasi nne! Nilimwambia afunge samaki wake mshazari, kona kwa kona, atapata nafasi zaidi ya anayoitaka. Ila mraba una ubaya wake: ukishakata, huwezi kujua kwa macho nyuzi zinaelekea wapi. Kabla ya kukata, pigeni mstari wa penseli ubavuni mwa rundo. Mstari huo mdogo umeniokoa kuliko mashine yoyote niliyowahi kukopea.

Pakiti ikae wapi? Hapa nilipata mwalimu, na hakuwa fundi. Mama mmoja wa mapanki, yale mabaki ya sangara aliyetolewa minofu, pakiti aliiona inamkalia nafasi ya sufuria, akaichukua akaigongomea kwenye nguzo ya banda, tena juu chini, mdomo ukitazama ardhini. Nilipopita nikataka kumwambia amekosea. Kisha nikamtazama akifanya kazi, nikafunga mdomo wangu. Boksi likilala mezani, karatasi zinavyopungua zinashuka, za mwisho zinakuwa mbali na mdomo, zinaanguka ndani, unaingiza vidole kuzifukua. Likining'inia mdomo chini, karatasi zote zinakaa juu ya mdomo kwa uzito wao wenyewe, mpaka ya mwisho. Tena boksi jepesi mezani linainuka pamoja na karatasi ukivuta kwa mkono mmoja, ila lililopigwa msumari haliendi popote. Mahotelini wanaweka springi kusukuma juu. Sisi tuna mvutano wa dunia, na hautozi kodi.

Kwa hiyo pakiti ya sasa ina mgongo wa kadibodi ulio mrefu kuliko boksi, matundu mawili, msumari au kamba ya katani vinatosha. Ulimi wa karatasi unaoning'inia usizidi sentimita tano, la sivyo upepo unauchezea na vumbi linaupata. Asubuhi, ulimi uliolala nje usiku mzima utupeni. Karatasi moja.

Boksi nilikuwa naligundisha kwa uji wa muhogo, gundi nzuri, ya bei nafuu. Mende wa Kirumba nao wakaona hivyohivyo. Tusiendelee.

Kingine kilichonipa aibu ni mwisho wa pakiti. Mkaanga samaki lazima ajue karatasi zinakaribia kuisha kabla hazijaisha, amtume mtoto dukani. Nikapaka rangi nyekundu kwenye karatasi tano za mwisho. Nikafurahi siku mbili nzima, mpaka binti yangu aliponiuliza, "Baba, si ulisema wino hautakiwi kwenye samaki?" (Kicheko kirefu.) Sasa tano za mwisho zimekatwa kona. Ukivuta ukaona karatasi haina kona, umeshaarifiwa.

Wauza chipsi na mishikaki mtaniuliza foili. Foili nayo inaweza kukunjwa hivihivi, na yenyewe haina matatizo ya nyuzi wala unyevu, na ukiikunja inabaki ilivyokunjwa, haitaki kufunguka. Wengi mnauliza upande upi uguse chakula, wa kung'aa au wa kufifia. Wowote. Kiwandani, kwenye kubanwa kwa mara ya mwisho, zinapitishwa mbili pamoja. Pande zilizogusa chuma zinang'aa, zilizogusana zinafifia, basi. Angalieni ndimu na chumvi tu. Samaki aliyekamuliwa ndimu akilala ndani ya foili usiku kucha, asubuhi foili ina vitundu, na kilichotoka kwenye vitundu mmekula. Huyo mfungieni karatasi.

Nimalizie na ukubwa wa pakiti, maana hapa ndipo vijana mnapowapoteza mama zetu. Mnataka kuuza boksi la karatasi 500 kwa sababu linapunguza gharama ya boksi. Ni kweli linapunguza. Lakini karatasi ya 30 kwa 30, ya gramu 40 kwa mita ya mraba, ina uzito wa gramu 3.6, kwa hiyo 500 ni kilo 1.8 za karatasi, na mama anayeanza siku kwa mtaji wa siku hawezi kuilaza fedha ya kilo 1.8 ukutani akisubiri wateja wa wiki mbili. Gazeti analinunua la leo. Pakiti ya 50 ni gramu 180 na haifiki unene wa kidole ikibanwa. Inunuliwe leo, iishe leo au kesho. Boksi la nje, lile la kadibodi lenye msumari, lisiuzwe kila mara. Libaki kwenye nguzo, na mama anunue ujazo wake tu, mkanda wa karatasi ukishikilia zile 50, anautumbukiza kwa juu na kuukata mkanda.

Ila, na hili nawaomba wakunjaji, karatasi ya mwisho ya ujazo wa zamani haishikani na ya kwanza ya ujazo mpya. Treni imekatika. Kwa hiyo kila ujazo uwe na ulimi wake umevutwa nje tayari, mama auchomeke mdomoni mwenyewe. Bado sijapata njia bora zaidi. Anayeipata aniite, nitakuja kwa miguu.

Pale mezani nimeleta pakiti ishirini, na misumari. Si za kuuza. Giza linaanza wiki ijayo, taa zitawashwa ziwani, dagaa watashuka, na hapa Mwaloni hakutakuwa na mtu wa kuongea na mwenzake kwa kazi. Ndiyo wiki ninayoitaka. Zitundikeni, zivuteni kwa mikono hiyohiyo yenye mafuta, kwa haraka hiyohiyo. Zitakazokaba, msizifungue wala kuzisafisha. Niletee pakiti ilivyo, na karatasi iliyokwama ikiwa bado imening'inia mdomoni.